Vijana wetu wanauliza: Soko liko wapi?

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu (EDK) katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam. Kila mwaka huwafundisha vijana mada ya uchumi katika Uislamu. Tunazungumzia fadhila za chumo la halali, tunataja ubaya wa riba, kamari, rushwa na kupunja vipimo. Wanafunzi huandika, hukariri, na kwenye mtihani hupata alama nzuri. Nami nilikuwa nikiridhika kuwa kazi yangu nimeifanya.

Mwezi Januari 2022, siku chache baada ya matokeo ya kidato cha nne kutangazwa, alinijia kijana mmoja baada ya swala ya Alasiri. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wangu bora. Ndiye aliyekuwa akiadhini pale shuleni, ndiye aliyeongoza halaka za wenzake, na katika somo langu alipata A. Masomo mengine aliyofaulu ni Kiswahili, alichopata C, na Historia na Uraia, alikopata D. Yaliyobaki alianguka. Alikuwa amezunguka kwenye vyuo viwili vitatu kuulizia nafasi ya cheti, na kila alipofika alijibiwa jambo moja: wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Yeye anayo matatu. Ile A ambayo mwalimu wake nilikuwa nikijivunia haikuhesabiwa.

Akaniambia kwa adabu, "Ustadh, ulitufundisha kwamba chumo la haramu halina baraka, nami nimelishika hilo. Sasa hilo la halali nikalitafute wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia asubiri, amuombe Allah, na kwamba baada ya dhiki huja faraji. Maneno hayo ni ya kweli, lakini siku ile niliyatumia kufunika ujinga wangu. Kijana yule alikaa nyumbani mwaka mzima, mchana yuko barazani, usiku yuko barazani. Ndipo fundi umeme mmoja, jirani yao, alipomwambia kuwa kozi nyingi za VETA haziulizi ufaulu wa masomo manne. Milango ile ilikuwa wazi tangu siku aliyokuja kwangu. Mimi mwenye shahada sikuijua, fundi aliijua.

Somo la leo nimeliandika kwa sababu ya mwaka ule mmoja uliopotea.

SAHABA ALIYEULIZA SOKO

Tunapowasimulia watoto kisa cha Hijra, hatukosi kutaja jinsi Mtume (s.a.w.) alivyowaunganisha udugu Muhajirina na Ansari. Abdurrahman bin Auf (r.a.) aliunganishwa na Sa'd bin Rabi' (r.a.), mtu mwenye mali nyingi pale Madina. Sa'd akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaelekezwa soko la Bani Qaynuqa. Akaenda, akauza na kununua, akarudi na faida ya jibini na samli. Kisa hiki kimo katika Sahihi Bukhari.

Mara nyingi mafunzo tunayoyachukua hapo ni mawili: ukarimu wa Sa'd na kujitegemea kwa Abdurrahman. Lakini lipo la tatu tunalolipita. Abdurrahman alikuwa mgeni. Alikuwa mfanyabiashara hodari Makka, lakini mji wa Madina hakuujua. Uhodari wake usingemfaa kitu kama asingepatikana wa kumwambia, "Soko liko kule." Yule aliyemwelekeza hakutoa hata dirhamu moja. Alitoa habari, na habari hiyo ikawa mwanzo wa utajiri ambao baadaye ulikuja kuwasaidia Waislamu wengi.

Vijana wetu ni wageni katika mji wa kazi. Wengi wana akili, wana nguvu, na wana hamu ya kujitegemea. Wanachouliza ni njia. Je, sisi walimu, wazazi na maimamu tunawaelekeza, au tunawaambia tu "someni kwa bidii" kisha tunawaacha njia panda?

KAZI TATU TU TUNAZOZIJUA

Muulize mtoto wa kidato cha kwanza atakuwa nani. Atakujibu daktari, injinia au mwanasheria. Ukimuuliza daktari anasomea nini na kwa miaka mingapi, hajui. Ukimuuliza kama anajua kazi ya mteknolojia wa maabara, mpima ardhi, wakala wa forodha au fundi wa vifaa tiba vya hospitali, atakutazama tu. Si kosa lake. Nyumbani hajasikia, na shuleni hatukumwambia.

Matokeo yake ni kuwa kidato cha nne, mtoto anapojaza fomu ya kuchagua tahasusi, anachagua kwa kufuata rafiki yake au kwa kumridhisha baba. Tangu mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano zimeongezwa kutoka zile 16 tulizozizoea hadi kufikia 65, zimo za biashara, lugha, sanaa, michezo na hata za elimu ya dini. Kadhalika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi Februari 2025, imeweka mikondo miwili katika sekondari: mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ambao mwanafunzi anasoma na huku anajifunza ufundi. Milango imeongezeka. Lakini milango ikiwa 65 na mtu amefumba macho, tofauti yake na mlango mmoja ni nini?

La kusikitisha zaidi, wazazi wengi tunauchukulia ufundi kuwa ni wa walioshindwa. Utamsikia mzee anasema, "Mwanangu hakufanya vizuri, basi nimempeleka akajifunze kuchomelea." Anasema kwa kuinamisha kichwa. Ndugu msomaji, Nabii Daudi (a.s.) alikuwa mfalme na akila kutokana na kazi ya mikono yake. Qur'an inatueleza katika Suratul Anbiyaa na Surat Sabaa kuwa Allah (s.w.) alimlainishia chuma na kumfundisha kutengeneza deraya. Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kufa. Sasa hii haya ya ufundi tumeitoa wapi?

SOKO LENYEWE LINAHAMA

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2009. Huduma ya M-Pesa ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianze hapa Tanzania. Hakuna mwalimu aliyetuambia kuwa kutakuwa na kazi inayoitwa uwakala wa fedha kwa simu, kwa kuwa hata yeye hakujua. Nikahitimu chuo kikuu mwaka 2015 nikitarajia ajira ya serikali kama walivyoipata kaka zetu. Mwaka 2016 serikali ikasitisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi. Kwa miaka miwili nilikaa kwenye kibanda kidogo nikiweka na kutoa pesa za watu. Kazi ambayo haikuwepo nilipoanza sekondari ndiyo iliyonilisha baada ya chuo kikuu.

Tazama na upande wa pili. Wako wapi wapiga taipu waliokuwa wakijaza vyumba vya maofisi? Wako wapi mafundi waliokuwa wakisafisha mikanda ya picha? Wako wapi waliokuwa na vibanda vya kupiga simu? Hawakuwa wavivu. Soko lilihama, na waliopata habari mapema wakahama nalo.

Hata kazi zilizobaki hazikubaki kama zilivyokuwa. Dereva wa treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, hafanyi kazi sawa na dereva wa treni ya dizeli. Fundi gari wa Dar es Salaam leo anaulizwa kama anajua kufunga mfumo wa gesi asilia. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilometa 1,443, na bomba la namna ile haliunganishwi na mchomeleaji wa mageti, bali na aliyepimwa akapewa cheti kwa uchomeleaji huo. Na sasa imekuja akili mnemba, inayoandika barua na kutafsiri maneno kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Kijana anayetegemea kunakili tu, hata awe na shahada, yuko mashakani.

Simwambii mwanafunzi kuwa ninajua kazi gani itakuwepo baada ya miaka kumi. Ghaibu ni ya Allah. Lakini Nabii Yusuf (a.s.), baada ya kufasiri ndoto ya mfalme, hakuishia kusema miaka saba ya njaa inakuja. Alitaja na la kufanya: walime, wahifadhi mavuno katika mashuke yake, wale kidogo. Kisha akaomba yeye mwenyewe asimamie hazina, akataja sifa mbili zinazomstahilisha, kuwa ni mwenye kuhifadhi na ni mwenye kujua. Huo ndio mwongozo wa kukabili wakati unaobadilika: jiandae kabla, jua unachokiweza, na uwe mwaminifu.

TUFANYE NINI?

Baada ya kisa cha yule kijana nilianza kujifunza upya, na baadhi ya walimu wenzangu wakaniunga mkono. Haya ndiyo tunayoyafanya, na yeyote anaweza kuyafanya.

Kwanza, kumjua mtoto mwenyewe. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili tunamuuliza mambo matatu: Ni somo gani unalisoma bila kusukumwa? Siku za mapumziko unafanya nini? Watu hukuomba uwasaidie nini? Majibu haya yanasema mengi kuliko ripoti ya muhula. Mmoja alijibu kuwa mtaani kwao simu ikiharibika wanamwita yeye. Baba yake hakujua.

Pili, kuwaita wenye kazi waje waseme. Kila mwezi baada ya swala ya Ijumaa tunamwalika Muislamu mmoja anayefanya kazi ya halali: muuguzi, mhasibu, fundi wa majokofu, mpima ardhi, mshonaji mwenye karakana. Hatumwombi mawaidha. Tunamtaka ajibu maswali manne: Tangu asubuhi hadi jioni unafanya nini hasa? Ulipitia njia gani kufika hapo? Ugumu wake ni upi? Kazi yako imebadilika vipi katika miaka kumi? Swali la mwisho ndilo linalowaamsha vijana. Na gharama yake ni nauli ya mgeni.

Tatu, kuzijua njia, si chuo kikuu peke yake. Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kwenda kidato cha tano. Anaweza kwenda chuo cha kati, aanze na cheti, kisha stashahada, na baadaye shahada akitaka. Anaweza kwenda VETA apite ngazi ya kwanza hadi ya tatu ya ufundi. Hata yule aliyejifunzia gereji bila darasa, VETA wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti cha ujuzi alionao. Hizi habari zinapatikana. NACTVET hutoa kitabu cha mwongozo chenye sifa za kujiunga na kila kozi. Mwalimu akisome kwanza yeye.

Nne, kuandika njia tatu badala ya moja. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaandika lengo lake, kisha anaandika: nikipata alama nzuri nitapita hapa, nikipata za wastani nitapita hapa, nikianguka nitapita hapa. Anayependa tiba ajue kuwa udaktari si mlango pekee. Wapo matabibu, wauguzi, wafamasia na watu wa maabara, na kila mmoja ana njia yake. Mtoto mwenye njia tatu mkononi matokeo hayamvunji moyo, na shetani hampati barazani.

Tano, kusema ukweli kuhusu somo letu. Hili ni letu walimu wa EDK. Tuwahimize vijana walipende somo la dini, maana ndilo linalowafunza wao ni nani na wanarejea wapi. Lakini tuwaambie mapema, tena mbele ya wazazi wao, kuwa vyuo vingi havilihesabu katika yale masomo manne. Anayetaka kuwa daiya naye anahitaji Hisabati, Kiingereza na Baiolojia. Kunyamaza juu ya hili ili darasa letu lijae ni kukosa uaminifu.

Sita, kupima halali na haramu kabla ya kuanza, si baada ya kuajiriwa. Kijana akisema anataka kazi ya benki, tuzungumze riba palepale. Lakini tusiishie kumwambia haifai. Tumwambie pia kuwa Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya sharia, na kwamba zipo benki nyingine zenye madirisha ya Kiislamu. Huko anatakiwa mtu anayejua murabaha na mudharaba ni nini, na hapohapo anajua kufunga mahesabu. Huyo atatoka wapi kama aliyesoma fiqhi hakusoma uhasibu, na aliyesoma uhasibu hakusoma fiqhi?

NA MABINTI JE?

Nina mwanafunzi wa kike ambaye katika hesabu hana mpinzani. Baba yake aliniambia, "Ustadh, huyu akimaliza atafundisha chekechea, ndiyo kazi ya stara." Nikamwambia, "Mzee wangu, kufundisha chekechea ni kazi ya heshima, na anayeipenda Allah ambariki. Lakini je, umemuuliza yeye?" Alikuwa hajamuuliza. Nikamkumbusha kuwa Rufaida (r.a.) alikuwa na hema lake pale msikitini Madina akitibu majeruhi, na Mtume (s.a.w.) aliagiza Sa'd bin Mu'adh (r.a.) alipojeruhiwa apelekwe kwake. Stara imo katika vazi, mwenendo na mazingira ya kazi. Haimo katika kuzima kipaji alichopewa na Mola wake. Mzee alinyamaza, kisha akasema atazungumza na mama yake. Binti huyo sasa anasoma tahasusi yenye hesabu na uchumi.

RIZIKI NA TAWAKALI

Huenda msomaji akasema: riziki iko kwa Allah, ya nini mahangaiko yote haya? Ni kweli iko kwa Allah. Lakini Mtume (s.a.w.) alipotupigia mfano wa tawakali alitaja ndege, wanaotoka asubuhi wana njaa na kurejea jioni wameshiba. Wanatoka. Hawabaki kwenye viota.

Kadhalika istikhara. Baadhi ya vijana wakibanwa na uchaguzi wa tahasusi huswali rakaa mbili kisha husubiri ndoto. Istikhara ni kumuomba Allah akuchagulie katika jambo ulilolikusudia. Sasa mtu atakusudia vipi jambo asilolijua? Uliza kwanza, chunguza, taka ushauri kwa wenye kujua, kisha swali istikhara na uende.

Yule kijana wangu alijiunga na VETA, fani ya umeme, akamaliza mwaka 2024. Sasa anafanya kazi na yule fundi jirani yao, na anajiandaa kuomba leseni ya EWURA ili aweze kufunga umeme majumbani kwa jina lake. Jioni anafundisha watoto juzuu Amma msikitini kwao. Nilimwalika Ijumaa moja aje ajibu yale maswali manne mbele ya wadogo zake. Alipofika kwenye swali la njia aliyopitia, alisema, "Nilichelewa mwaka mmoja kwa kuwa sikujua." Hakunitaja, ingawa nilikuwa nimekaa safu ya mbele. Allah amlipe kwa kunisitiri, lakini mimi mwenyewe nimeona si haki kujisitiri mbele ya walimu wenzangu na wazazi.

Hivyo basi, ndugu yangu imamu, mwalimu, mzazi, na wewe mwenye kazi yako: wiki hii mtafute kijana mmoja tu wa kidato cha tatu au cha nne. Mkalishe, muulize anataka nini na anajua nini kuhusu anachokitaka. Kama hujui, mpeleke kwa anayejua. Mwambie soko liko kule.

Tunamuomba Allah (s.w.) awafungulie vijana wetu milango ya riziki za halali, na atujaalie sisi kuwa ni wenye kuwaonyesha milango hiyo. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.